Kaa Dawati la Nyuma: Namna ya Kupima Ufundishaji Darasani

"Mmeelewa?"

"Ndiyooo, mwalimu!"

Itikio hilo utalisikia ukipita nje ya shule yoyote ya msingi, kuanzia Mikindani hadi Msimbati. Mwalimu akishalisikia hufuta ubao, hukusanya chaki zake, na kipindi huhesabika kimefundishwa. Siku moja nililisikia nikiwa ndani, nimekaa dawati la nyuma kabisa la darasa la nne katika shule ya kijiji kimoja cha Mtwara Vijijini. Somo lilikuwa Hisabati, kugawanya kwa baki. Mtoto niliyeketi naye aliitikia kwa nguvu kuliko wenzake wote. Nikamwomba daftari lake. Tarehe ilikuwa imeandikwa vizuri, kichwa cha somo kimepigiwa mstari kwa rula, na chini ya mstari ule hapakuwa na kitu. Nikamnong'oneza: maembe kumi na saba, watu watano, kila mmoja apate mangapi na yabaki mangapi? Akanitazama, akautazama ubao uliokwisha kufutwa, akainamisha kichwa.

Mwalimu yule hakuwa mvivu. Andalio la somo alikuwa nalo, aliwahi kufika, sauti yake ilifika nyuma, na mwandiko wake ubaoni ulisomeka. Mgeni aliyechungulia mlangoni kwa dakika tano angemsifu. Lakini katika dakika zote 40 hapakuwa na hata dakika moja ambayo ilimwezesha kujua nani ameelewa na nani anaitikia tu.

Makala haya nayaandika kwa ajili ya wote ambao kazi yao, au haki yao, ni kujua darasani kunafanyika nini: mwalimu mkuu, mwalimu wa taaluma, afisa elimu kata, mjumbe wa kamati ya shule, mzazi, na mwalimu mwenyewe anayetaka kujipima. Ninachosema ni kwamba ufundishaji hupimwa darasani, kwa kutazama anachofanya mwalimu pamoja na anachofanya mtoto, tena si mara moja, na kutazama huko kuishie kwenye mazungumzo kati ya watu wawili wanaoheshimiana.

Kwa nini matokeo ya mtihani hayatoshi

Tumezoea kumpima mwalimu kwa matokeo ya darasa la saba. Yakitoka mazuri, mwalimu ni hodari. Yakiwa mabaya, kikao kinaitishwa. Tatizo la kwanza ni kwamba matokeo hayo yanachelewa mno. Mtoto aliyeshindwa kusoma akiwa darasa la pili ameshakaa miaka mitano akiitikia "ndiyooo" kabla mtihani haujamfichua, na kufikia hapo ameshaondoka shuleni.

Tatizo la pili ni kwamba matokeo yanachanganya mambo mengi. Mtoto wa mjini karibu na Shangani, mwenye vitabu nyumbani na anayelipiwa tuisheni jioni, na mtoto wa Mahurunga anayetembea mwendo mrefu kabla ya kengele ya asubuhi, hawajafundishwa na mwalimu peke yake. Ukiweka alama zao bega kwa bega na kusema mwalimu huyu anamshinda yule, umempima mzazi, umepima barabara, umepima na kipato, halafu hukumu yote umemtwisha mwalimu.

Sisemi takwimu hazina kazi. Mwaka 2010 tathmini ya Uwezo, iliyofanyika majumbani na si shuleni, ilionyesha kwamba karibu watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka 2013 tathmini ya kitaifa ya kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK, ilikuta kwamba mtoto wa darasa la pili alisoma kwa wastani maneno kama 18 kwa dakika, na asilimia 8 tu ndio waliosoma kwa ufahamu uliotakiwa. Takwimu hizo ziliishtua nchi, na kuanzia mwaka 2015 mtaala wa madarasa ya chini ukaelekezwa kwenye KKK. Ila hazikusema mwalimu wa darasa fulani afanye nini tofauti Jumatatu asubuhi. Hilo mtu huligundua akiwa ndani ya darasa.

Yupo shuleni, hayupo darasani

Utafiti ninaourudia mara nyingi nikizungumza na walimu wakuu ni ule wa viashiria vya utoaji huduma, uliosimamiwa na Benki ya Dunia na washirika wake. Watafiti walifika katika shule za Tanzania bila kutoa taarifa. Mwaka 2010 walikuta asilimia 23 ya walimu hawapo shuleni, na asilimia 53 hawapo darasani. Waliporudia mwaka 2014 wasiokuwepo shuleni walikuwa wamepungua hadi asilimia 14, lakini wasiokuwepo darasani bado walikuwa asilimia 47.

Tafadhali zitazame tena namba hizo mbili za mwisho. Katika kila walimu 100, 86 walikuwa wamefika shuleni, na 53 tu ndio walikuwa mbele ya watoto. Wengine 33 walikuwa papo hapo kiwanjani: ofisini, chini ya mwembe wakisahihisha, kwenye kikao, wakizungumza na mgeni, au wakimsubiri mwenzao amalize. Kwa hiyo daftari la mahudhurio ya walimu, ambalo ndilo kipimo tunachokimbilia, linajibu swali jingine kabisa. Linasema mwalimu amesaini saa moja na nusu asubuhi. Halisemi saa nne alikuwa wapi.

Ndiyo maana kitu cha kwanza cha kupima ni rahisi, na wala hakihitaji utaalamu wa somo lolote. Mwalimu mkuu atembee kwenye veranda mara tatu kwa siku, kwa saa zisizotabirika, akiwa na ratiba mkononi, aweke alama darasa lipi lina mwalimu na lipi halina. Afanye hivyo kwa wiki mbili kabla hajamwita mtu yeyote, kwa sababu mwalimu mmoja kukosa kipindi kimoja si habari. Habari ni pale kipindi cha baada ya mapumziko kinapokosa mwalimu siku nane kati ya kumi. Hapo huenda kosa si la mtu bali la ratiba, au vikao vimepangwa vibaya, au mwalimu mmoja amebebeshwa vipindi vya wawili.

Karatasi moja na saa

Sasa tuingie darasani. Si mzazi wala mjumbe wa kamati anayeruhusiwa kusukuma mlango na kuingia tu. Hupita ofisini kwa mwalimu mkuu, akakubaliana naye siku na saa. Mwalimu mkuu, mwalimu wa taaluma, afisa elimu kata na wathibiti ubora wa shule wana wajibu wa kuingia darasani kikazi, lakini hata wao wakigonga mlango na kumsalimu mwalimu mbele ya wanafunzi wake hawajapungukiwa kitu.

Ukishakaa nyuma, usianze na fomu ndefu. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Jane Stallings, alibuni njia ambayo baadaye Benki ya Dunia iliitumia katika nchi kadhaa za Amerika ya Kilatini, na msingi wake ni mwepisi: unapiga picha za darasa kwa macho, kwa vipindi maalumu, badala ya kujaribu kuandika kila kitu. Kwa kipindi cha dakika 40, inua macho kila baada ya dakika tano na uandike mambo mawili tu. Mwalimu anafanya nini sasa hivi? Watoto wangapi wako naye, na wasiokuwa naye wanafanya nini?

Mwisho wa kipindi utakuwa na mistari minane. Huenda ikasomeka hivi. Dakika ya tano: anaandika ubaoni, wote wananakili isipokuwa wanne wasio na kalamu. Dakika ya kumi: bado anaandika, safu mbili za nyuma wanachezea vizibo vya soda. Dakika ya kumi na tano: anauliza, darasa linajibu kwa pamoja. Dakika ya ishirini: ametoka kufuata chaki. Dakika ya ishirini na tano: anamuuliza mtoto mmoja wa mbele, wengine wanatazama. Na kuendelea hivyo. Huna haja ya kutoa alama. Mweke mwalimu mbele ya mistari yake minane na mara nyingi ataona mwenyewe, kabla hujafungua mdomo, kwamba nusu ya kipindi ilikwenda kwenye kunakili.

Halafu sikiliza nani anazungumza. Ned Flanders, mtafiti mwingine wa Marekani aliyehesabu mazungumzo ya darasani kila baada ya sekunde tatu, alikuta kwamba theluthi mbili ya muda wa darasa la kawaida kuna mtu anaongea, na theluthi mbili ya maongezi hayo ni ya mwalimu. Madarasa ya kwetu, ambako chaki na sauti ndivyo vitendea kazi vikuu, yako hivyo pia, na hilo halishangazi: ukiwa na watoto 90 na vitabu 15, kusema na kuitikiwa ndiyo njia iliyo karibu. Lakini kuitikia kwa pamoja ni mahali pazuri pa kujificha. Mtoto asiyejua husubiri silabi ya kwanza kutoka kwa jirani, kisha hupandisha sauti.

Kuna jambo dogo ambalo ningependa kila mwalimu wa Mtwara alijaribu kesho. Mary Budd Rowe, katika tafiti alizozitoa miaka ya 1970, alipima muda ambao mwalimu husubiri baada ya kuuliza swali, na akakuta ni kama sekunde moja. Sekunde moja! Mtoto bado analifasiri swali kichwani, mwalimu ameshamwita mwingine au ameshajibu mwenyewe. Walimu walipofundishwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, watoto wengi zaidi walijitokeza, na "sijui" zikapungua. Uliza swali, kisha hesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu. Utaona ilivyo vigumu kunyamaza mbele ya darasa. Vumilia. Baada ya hapo ndipo utaje jina, maana ukitaja jina kabla ya swali, watoto 89 wengine wameshapumzika.

Anayetazama aandike pia mwalimu amewaita kina nani. Chora ramani ya madawati na uweke nukta kila mtoto anapoitwa. Darasa baada ya darasa nukta hujaa mbele na katikati, na pembe za nyuma hubaki nyeupe. Chunguza kama wasichana wamepata nukta sawa na wavulana. Mwalimu haoni jambo hili akiwa mbele, kwa sababu macho yake yanakwenda kwenye mikono iliyonyooshwa. Si upendeleo wa makusudi, na ukimwonyesha ramani hiyo kwa upole hatakasirika, atashangaa.

Kisha tazama jibu la kosa linapokelewaje, na hapa ndipo ninapokaa zaidi nikiwa darasani. Mtoto anasimama, anasema "kumi na tano gawanya kwa tatu ni nne." Mwalimu mmoja anasema "Kaa chini. Nani amsaidie?" na darasa linacheka. Mwingine anasema "Nionyeshe ulivyopata," anampa mbegu kumi na tano za korosho, mtoto anazipanga mafungu matatu mezani, anahesabu fungu moja, na kabla hajamaliza uso wake umeshabadilika: tano. Wote wawili wamesahihisha kosa. Tofauti ni kwamba darasa la kwanza limejifunza kuwa kukosea ni aibu, na kuanzia hapo mikono itapungua kila siku, wakati darasa la pili limejifunza kugawanya. Kama una nafasi ya kupima jambo moja tu, pima hilo.

Kabla hujatoka, omba madaftari matano: mawili ya mbele, matatu ya nyuma. Angalia kama kosa limesahihishwa au limewekewa alama ya vema kwa haraka. Kwa madarasa ya chini, mwite mtoto mmoja mmoja, watoto watatu wanatosha, asome kwa sauti kwa dakika moja. Katika programu ya Tusome ya Kenya, iliyoenea nchi nzima kuanzia mwaka 2015, maofisa waliotembelea walimu walifanya hivyo hasa: walitazama somo, kisha wakawasomesha watoto watatu, wakaingiza matokeo kwenye kishikwambi walichobeba. Kumtazama mwalimu bila kumsikiliza mtoto ni nusu ya kazi.

Mtwara si ngeni kwa kazi hii

Mkoa wetu umepitiwa na programu nyingi za aina hiyo. Kati ya mwaka 2011 na 2016 mradi wa TZ21, uliofadhiliwa na Marekani, uliendeshwa Mtwara na Zanzibar. Ukafuata Tusome Pamoja kuanzia 2016, katika mikoa ya Mtwara, Ruvuma, Iringa na Morogoro pamoja na Zanzibar, na mwaka 2021 ukaja Jifunze Uelewe. Mfuko wa Aga Khan nao umefanya kazi na shule za Lindi na Mtwara. Walimu wengi wa hapa wameshakaa semina za KKK, wameshatembelewa na walezi wa walimu, wameshaona mtoto akisomeshwa kwa kupimwa dakika. Miradi huja na kuondoka na magari yake. Walimu waliojifunza kutazamana bado wapo, na ujuzi huo hauhitaji mafuta ya gari.

Serikali nayo imebadilisha mwelekeo wake. Kilichoitwa ukaguzi wa shule sasa ni uthibiti ubora wa shule, na kiunzi chake cha mwaka 2017 kinataka shule itazamwe katika maeneo sita, ufundishaji ukiwa mojawapo, na shule yenyewe ijitathmini kabla ya mgeni kufika. Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, yanawataka walimu wa shule moja wakutane katika jumuiya zao za ujifunzaji na kujadili mada zinazowasumbua. Hapo ndipo mahali pa kupeleka ile mistari minane. Mfumo wa upimaji wa watumishi wa umma, uliokuwa ukijazwa kwenye fomu za OPRAS na sasa uko kwenye PEPMIS mtandaoni, una kazi yake ya kiutumishi, lakini mwalimu hajifunzi kusubiri sekunde tatu kwa kujaza malengo kwenye kompyuta.

Anayepima katika pwani hii lazima ajue kalenda ya korosho. Kuanzia Oktoba, minada inapofunguliwa, familia nyingi huhamia mashambani na madarasa hupungua. Mwalimu aliyetazamwa Novemba akiwa na nusu ya wanafunzi, wengine wakiwa wamekosa wiki mbili mfululizo, hawezi kulinganishwa na mwenzake aliyetazamwa Julai. Andika idadi ya waliohudhuria juu ya kila karatasi. Na mpime mwalimu kwa anavyowapokea wanaorudi: je, ana njia ya kuwarudisha kwenye somo, au anaendelea kana kwamba walikuwepo?

Lugha ni jambo jingine. Mtoto wa Madimba au wa Kitaya anaweza kuingia darasa la kwanza akiwa na Kimakonde chepesi na Kiswahili cha kubahatisha. Mwalimu wake huenda ametoka Kagera au Mara. Mtoto akinyamaza, mwalimu huandika "mzito." Mimi hupenda kuuliza: umemsikia akicheza? Mtoto anayepanga mchezo wa wenzake kumi kwa Kimakonde uwanjani si mzito. Hajapata bado maneno ya darasani. Mwalimu hodari wa darasa la kwanza huonekana kwa namna anavyotumia vitendo, picha na vitu halisi, na anavyomruhusu mtoto mmoja amfafanulie mwenzake kwa lugha ya nyumbani kisha wote wakarudi kwenye Kiswahili. Ukiona hivyo darasani, iandike kama sifa.

Halafu kuna safari. Yupo mwalimu anayevuka kwa pantoni ya Msangamkuu, yupo anayepanda bodaboda kwenye mchanga wa njia ya Msimbati kwa sababu nyumba ya mwalimu haipo au imebomoka. Hiyo haifuti wajibu wake wa kuingia darasani. Lakini kamati ya shule inayomdai mwalimu awahi, huku haijawahi kuuliza analala wapi, inapima upande mmoja wa mizani. Utafiti wa KiuFunza, uliofanywa mwaka 2013 na 2014 katika shule 350 za Tanzania Bara, ulionyesha hili kwa njia yake: shule zilizopewa ruzuku peke yake hazikuonyesha mabadiliko ya maana katika kujifunza, zilizowaahidi walimu motisha ya fedha peke yake zilipata matokeo yasiyotulia, na zilizopata vyote viwili kwa pamoja ndizo zilizopanda waziwazi. Vifaa bila juhudi ya mwalimu havifundishi, na juhudi bila vifaa huchoka.

Mazungumzo baada ya kipindi

Karatasi yako haina faida kama itaishia kwenye faili. Siku hiyohiyo, kabla watu hawajatawanyika, kaa na mwalimu mahali penye faragha. Mwache aanze yeye.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, mwalimu wangu. Karibu ukae. Niambie kwanza wewe, kipindi umekionaje?"

"Nadhani kimekwenda vizuri, Mkuu. Wameitikia."

"Kweli wameitikia, na lile fumbo lako la mwanzo limewaamsha. Swali la tatu wamelikosa wangapi?"

"Hapo sijui, Mkuu."

"Hata mimi sikujua mpaka nilipofungua madaftari. Ni kumi na mmoja, na karibu wote wanakaa upande wa dirishani. Kesho tufanyeje uwajue mapema?"

Ona jinsi mkuu yule alivyofanya. Alitaja jema moja mahususi, si sifa ya jumla. Alileta ushahidi wa madaftari badala ya maoni yake. Akachagua jambo moja tu la kesho, akaacha mengine manne aliyoyaona. Nimeona walimu vijana wakitoka ofisini na orodha ya kasoro kumi na mbili. Wiki iliyofuata hawakuwa wamerekebisha hata moja, kwa sababu hawakujua waanzie wapi. Mkubaliane na siku utakayorudi, na urudi kweli.

Kurudi ni lazima kwa sababu nyingine pia. Utafiti mkubwa uliofadhiliwa na Mfuko wa Bill na Melinda Gates huko Marekani kati ya 2009 na 2012, ukihusisha walimu wapatao 3,000, ulithibitisha kwamba mtu mmoja akitazama kipindi kimoja hawezi kutoa hukumu ya kuaminika. Vipindi kadhaa, vikitazamwa na watu zaidi ya mmoja, vikiongezwa na maoni ya wanafunzi wenyewe, ndivyo vinavyokaribia ukweli. Kwa hiyo afisa elimu kata anayefika mara moja kwa muhula asitoe hukumu, aongeze ushahidi wake kwenye ule wa mwalimu mkuu. Tena ukifika mara moja, utaonyeshwa somo la mgeni. Ukifika mara sita, mwalimu atachoka kuigiza, na utaona kazi yake ya kila siku.

Kuhusu fimbo

Tabia moja ya mwalimu haisubiri mazungumzo ya taratibu. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto, takriban nusu ya vijana, wa kike na wa kiume, walisema walipigwa na mwalimu kabla ya kutimiza miaka 18. Kanuni na waraka wa mwaka 2002 vinaruhusu adhabu ya viboko visivyozidi vinne, kwa kosa kubwa, itolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na iandikwe kwenye kitabu. Mwalimu anayetembea na fimbo darasani akimchapa aliyekosa hesabu yuko nje ya kanuni hizo. Anayetazama kipindi akiona hivyo, asiandike "nidhamu nzuri."

Inawezekana kubadilika. Mabula Nkuba na wenzake walichapisha mwaka 2018 jaribio katika sekondari za serikali za Tanzania, ambako walimu waliopewa mafunzo ya siku chache kuhusu kuhusiana na wanafunzi bila ukali walipunguza vipigo. Jaribio jingine katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, halikuleta tofauti. Mafunzo peke yake si dawa ya uhakika. Ufuatiliaji wa mwalimu mkuu, darasani, kila wiki, hauna mbadala.

Hayo yote ni ya wanaoingia darasani. Mzazi, wewe anza nyumbani. Usimuulize mtoto "umesoma nini leo?" maana atakujibu "Kiswahili." Muulize: "Leo mwalimu amekuita? Amekuuliza nini? Ulipokosa amesema nini?" Fungua daftari mara moja kwa wiki, hata kama husomi vizuri, kurasa tupu zinaonekana na mtu yeyote. Ukiona tatizo, nenda kwa mwalimu wa darasa kwanza, kisha kwa mwalimu mkuu, kisha kamati ya shule, na likishindikana kwa afisa elimu kata na idara ya elimu ya halmashauri. Makosa ya kinidhamu ya mwalimu yanashughulikiwa na Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015 na yenye ofisi hadi wilayani. Mtoto akijeruhiwa au akifanyiwa ukatili, usipite ngazi hizo: nenda dawati la jinsia na watoto la polisi, au piga 116 bila malipo.

Na kwa wajumbe wa kamati za shule, kuanzia Mikindani hadi ng'ambo ya Msangamkuu na kushuka hadi Kilambo, nina ombi moja. Kikao kijacho, mkishamaliza habari za madawati na chakula cha shule, muulizeni mwalimu mkuu: tangu muhula uanze, umekaa dawati la nyuma mara ngapi, katika madarasa gani, na mlikubaliana nini na walimu? Jibu liandikwe kwenye muhtasari, na kikao kitakachofuata mumuulize tena.